Mstari wa Picha Chini ya Kioo

Wifi yangu, dada wa mume wangu, alipangua kompyuta ya studio yetu makusudi ili mkwe wangu aone kwamba sijui kusoma. Naanza na hilo lisije likapotea katikati ya maneno. Anayeandika hapa ni binti yangu, mimi nasema tu. Nimemkataza kulainisha chochote, hata kama anayesemwa ni shangazi yake.

Studio yetu ni chumba kimoja chenye pazia jeupe linalotenga sehemu ya kupigia picha, kiti cha kuzunguka na kaunta. Mume wangu hupiga picha nje, kwenye harusi na mahafali. Mimi nabaki ndani na picha za pasipoti: kupiga, kusafisha sura za watu, kukata, kuchapa. Kazi hii nimeifanya tangu binti yangu anatambaa chini ya kaunta. Shule sikuingia. Kwetu walisoma wa kiume, mimi nilikuwa na wadogo wa kubeba mgongoni. Mume wangu aliyajua hayo kabla hajanioa, na aliniahidi yatabaki chumbani kwetu.

Kompyuta ilipokuja, alinipangia. Aliingia kwenye mipangilio akaweka mstari wa picha za kufungulia programu, chini kabisa kwenye kioo cha kompyuta, kubwa kama vifungo vya koti, bila maneno, akazuia mstari usijifiche wala usisogee. Kamera kushoto kabisa. Halafu mkasi. Halafu brashi ya kufutia chunusi. Printa mwisho kabisa. Nikawa nafungua kazi kama mtu anavyochukua chumvi jikoni kwake, bila kuangalia. Wateja wakaniita Mama Chapchap, na sikatai, nilikuwa naringa.

Wifi ni karani wa ofisi. Alikuja likizo kwetu, akakaa kwenye kaunta yangu, akacheka.

"Wifi, mapicha gani haya? Kompyuta imekaa kama ya chekechea!"

"Ndivyo nilivyozoea."

"Utazoea kingine. Siku hizi mtu hatafuti picha. Anaandika jina la programu, inajileta yenyewe."

"Iache, wifi."

"Nakusaidia, jamani! Au unaionea wivu, kama mke mwenzio?"

Akafungua mipangilio. Akabonyeza hapa, akabonyeza pale, mpaka kikatokea kisanduku chenye maneno katikati ya kioo. Akainuka kunipisha.

"Haya, soma. Ukiridhika bonyeza mwenyewe, kesho usije ukasema sikukuuliza."

Nilikaa. Nikapeleka macho kushoto kwenda kulia, nikashuka, nikarudi kushoto, kama ninavyoona watu wakifanya. Nikakawia kidogo ili ionekane nimefika mwisho. Nikabonyeza. Picha zangu zote zikaondoka, kikabaki kidirisha chembamba chenye kijiti kinachopepesa.

"Safi," nikasema. Mpaka leo nikikumbuka hilo neno natamani kujifunika.

Nilitaka kutoka nimpigie simu mume wangu, lakini mkwe alikuwa ameshafika mlangoni. Huyu ni mama wa kijana anayemchumbia binti yangu, mwalimu mstaafu, mtu wa miwani, mkoba na mwavuli. Alikuja kuchapiwa picha ya wale wawili aitundike sebuleni kwake. Wifi alijua anakuja. Simu yake aliipokea yeye.

"Mkwe, hujambo? Nimeambiwa hapa hakuna foleni, Mama Chapchap hana mchezo."

"Karibu, mkwe. Kaa, ni dakika tu."

Nikashika mausi. Nikaizungusha. Hakukuwa na pa kubonyeza.

"Andika jina, wifi," yule akasema, kwa sauti tamu. "Herufi mbili tatu zinatosha."

Niliweka kidole kwenye herufi inayoanza jina la binti yangu, maana hiyo naijua kwa sura. Kikatokea kikokotoo. Nikakifunga. Nikabonyeza tena ile ile, kikatokea tena.

"Unatafuta nini, mkwe?"

"Macho, mkwe. Leo macho yananisumbua."

"Macho!" Wifi akapiga makofi. "Macho haya haya yaliyoona unywele kwenye bega la bwana harusi? Mkwe, usihangaike naye, huyu kusoma hajui. Kaka aliniambia zamani. Tunamsitiri tu."

Mkwe hakucheka. Aliinamia mkoba wake, akawa anaufungua na kuufunga. Mimi nikaenda nyuma ya pazia, nikasema natafuta karatasi. Karatasi hazikai huko, na wote watatu tulijua. Nikasimama pale wanaposimama wateja, nikisikia wifi anaandika, programu inafunguka, printa yangu inatoa picha ya binti yangu kwa mkono wa mtu mwingine.

Jioni nilimuuliza mume wangu.

"Ilinitoka," akasema. "Ni dada yangu."

Akakaa kwenye kompyuta akarudisha picha moja moja. Alipofika katikati akaniuliza, "Brashi ilikaa wapi?"

"Baada ya mkasi."

Akairudisha hapo.

Wifi alirudi kwake, na kwa kila ndugu anasema hivi: "Nilimuuliza, akasoma, akakubali mwenyewe." Nitambishia vipi? Kumbishia ni kupaza sauti kwamba sikusoma.

Uchumba haukuvunjika. Mkwe ni mtu mwema, na wema wake ndio unaonimaliza. Akija sasa ananisomea kila kitu. Juzi alichukua sabuni kwenye mfuko wake, akaniambia polepole, kama mtu anayemlisha mgonjwa, "Hapa wameandika ni ya kufulia, mkwe." Nikashukuru. Siku hizi nikiuona mwavuli wake kwa mbali nampisha binti yangu kwenye kaunta, naenda nyuma ya pazia.

Picha zimerudi mahali pake. Lakini wifi bado hajaja kukaa pale kaunta, mkwe akiwa kwenye kiti kile kile, aseme kwamba aliponiambia nisome alijua siwezi. Hilo namdai. Na mume wangu bado hajaniambia ni nani wengine aliowaambia. Nikimuuliza, anauliza kama printa ina wino.