Kichwa cha Zamani

Mama Kurasa, mpangaji wa kurasa za gazeti, alikuwa na njia yake ya mkato. Maji yakikatika, alifungua ukurasa wa zamani wa habari kama hiyo, akamwaga maneno mapya, akabadilisha picha na kichwa. Maji yalikatika chama chochote kikitawala, basi ukurasa haukukosa kazi.

Asubuhi hiyo alifungua gazeti mezani, chai ikampalia. Kichwa alikuwa hajakibadilisha! Kilikuwa kilekile cha enzi za chama kilichoondoka: "MABOMBA MAKAVU, SERIKALI IMELALA." Tangu hawa wapya waingie, gazeti lilikuwa likiandika tu, "Wananchi waombwa kuvumilia."

"Baba watoto, leo kibarua changu kinaota nyasi," alimwambia mumewe. Akachukua mkoba, akaenda kazini.

Mhariri alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi, gazeti mkononi.

"Mama, nani kaandika upuuzi huu? Simu ya waziri nimeshaipokea mara tatu! Mvua haijanyesha, bwawa limekauka, sasa serikali ya watu ifanyeje? Ikamue mawingu? Huu ni uonevu mtupu! Nitajie jina lake, aondoke leo hii!"

Mama Kurasa alitafuta uongo. Haukumjia.

"Ni wewe, bosi. Kichwa hiki ulikiandika miaka sita iliyopita, mimi nikasahau kukitoa." Akaongeza, "Na mwaka ule pia mvua haikunyesha."