Aliyekanyaga Cherehani ya Mama Pindo

Mama Pindo alikuwa fundi cherehani. Jina alipewa na wateja, kwa sababu pindo alilolishona yeye halikufumuka hata nguo ikichakaa. Alikuwa mjane, watoto wake walishahamia makwao, kwa hiyo alipotoka hospitali na goti lililofanyiwa upasuaji, aliyekuja kumuuguza ni wifi yake, mke wa kaka yake.

Wifi alikuwa mpole, mwenye mikono myepesi. Alimwekea barafu iliyoviringishwa kwenye taulo, akamwinulia mguu juu ya mto, akamsindikiza chooni akimshika kiuno. Kwa hayo yote Mama Pindo alishukuru. Machale yalimcheza siku alipoona mlango wa chumba cha mbele, chumba chake cha kazi, umefungwa.

"Mbona umefunga huko, wifi?"

"Vumbi tu. Usije ukapata kikohozi."

Vumbi. Maisha yake yote amekula vumbi la vitambaa, leo ndiyo limkohoze?

Tangu hapo akawa mtu wa kutega sikio. Vidonge vya maumivu vililetwa mara tu baada ya chakula cha mchana, pamoja na maneno matamu: "Meza, wifi yangu, upumzike." Akimeza tu, usingizi unambeba mzimamzima. Akizinduka, anamkuta wifi ana kipande cha uzi wa buluu begani. Na humo usingizini alikuwa akisikia mlio anaoujua kuliko sauti za wanawe, wa cherehani yake ikikimbia.

Kaka alikuja kumjulia hali. Kabla ya kuingia alisimama uani na mkewe wakanong'ona, na alipoingia macho yake hayakutulia.

"Mlikuwa mnasema nini?" Mama Pindo aliuliza.

"Kwamba unaendelea vizuri."

"Hilo ndilo la kunong'onezana?"

Kaka akakohoa, akasema siku hizi joto limezidi.

Basi Mama Pindo akaacha kumeza. Kidonge anakibana shavuni, wifi akigeuka anakitema na kukificha ndani ya foronya. Alilala macho, akiuma meno, na mguu ukawa mzito kama si wake. Mtaalamu wa mazoezi alipopita, alijaribu kulikunja goti, likagoma.

"Mama, linakaza hili. Dawa unameza? Bila dawa, maumivu hayatakuacha ulikunje."

"Nameza," alisema, huku akimtazama wifi, na wifi akimtazama yeye.

Mchana mmoja akavunga amelala, hata akakoroma kidogo. Mlango wa mbele ukafungwa taratibu, cherehani ikaanza. Akajivuta hadi kwenye fremu ya kutembelea, akasogea nayo kidogo kidogo, jasho likimtiririka mgongoni. Alipofika mlangoni akasikia sauti ya mteja wake wa siku nyingi.

"Kwa hiyo fundi mwenyewe hatashona tena?"

"Ndiyo hivyo," wifi akajibu. "Ila usimwambie. Mwenyewe hajui."

Akausukuma mlango kwa fremu. Mteja alimwona, akaokota mkoba wake akapita pembeni bila kuaga. Wifi alibaki kwenye kiti, mguu kwenye pedali, sketi ya watu chini ya sindano.

"Sijui nini mimi?"

Wifi akautoa mguu kwenye pedali. "Daktari alimwambia kaka yako. Goti litakutembeza vizuri. Lakini kukanyaga pedali kutwa, utaliharibu tena. Kaka yako akasema tungoje upate nguvu. Nami nikaona wateja wasikukimbie."

"Na ukaona kiti kinakufaa."

Wifi akainamisha kichwa. "Sitakuficha, wifi. Nimependa kukaa hapa."

Kama angekana, Mama Pindo angemfukuza siku ileile. Sasa hakujua afanye nini na hasira yake. Alikaa kwenye kiti cha wateja, machozi yakamtoka, akaivuta ile sketi ili apate pa kutazama. Pindo lilikuwa limekwenda kombo.

"Hii ungempa mtu, aseme imetoka kwangu?"

"Ningempa."

"Fumua."

Wifi akafumua, naye akamwelekeza wapi pa kushika kitambaa na wapi pa kukiachia, mguu ukiwa umenyooshwa juu ya kigoda.

Jioni kaka aliitwa akapata yake. "Goti ni langu," aliambiwa. "La kwangu naambiwa mimi kwanza." Kisha Mama Pindo akadai pakiti ya vidonge, akaisoma yote. Ilisema wazi kwamba dawa inaleta usingizi. Hakumuuliza wifi kama alikuwa analijua hilo, ila tangu siku ile alikitoa kidonge kwenye pakiti kwa mkono wake, akakimeza kweli. Goti likaanza kulegea.

Siku hizi anatembea bila fremu. Yeye anapima na kukata, wifi anakanyaga, na mlango unakaa wazi mchana kutwa. Wateja wakiuliza kama wanaelewana, anasema wanaelewana sana. Mkasi mkubwa wa kukatia, hata hivyo, akimaliza kazi anaufungia kabatini, na ufunguo anatembea nao.