Breki Iliyolia Zizini

Manassé ni fundi pikipiki hapa Karuba, na karakana yake ni baraza ya duka langu. Mimi ni Kaswera, mtu wa Butembo. Nauza vipuri, chumvi na sabuni. Kwa miaka tisa nimemtazama mtu huyu akifanya kazi polepole mpaka mwili unaniwasha. Mteja analalamika, yeye kimya. Ukimwambia mvua inakuja, anajibu, "Ikuje tu." Wateja wake wakubwa ni madereva wanaobeba maziwa kila asubuhi kutoka mazizini kushuka mjini Sake. Wakimwacha hao, watoto wake hawali.

Jumanne moja Théoneste, mmoja wa madereva hao, alifika akichechemea na kuikokota pikipiki yake. Goti lilikuwa limepasuka na madumu yake ya maziwa yalikuwa matupu. Nyuma yake walikuja wenzake saba na pikipiki zao. Kwenye kona ya mteremko alibana breki ya mbele, pikipiki ikaendelea kwenda kana kwamba hajabana kitu, akaamua kuigonga kwenye ukuta wa udongo ili asiingie bondeni. Na wiki moja kabla, Manassé ndiye aliyemwekea plaketi mpya, vile vipande viwili vinavyoibana diski ya gurudumu.

"Papa Manassé, ulitaka kuniua," alisema. "Minasema mbele ya bantu yote. Freni yako haikamate."

Archange, mkubwa wao, alisema kwamba kama ni hivyo, pikipiki zote zitatengenezewa Sake. Hakupaza sauti, na hapo ndipo nilipoogopa. Mimi nina mdomo, nikaufungua. Manassé akanizuia kwa mkono.

Alibana breki kwa vidole viwili. Ilikuwa ngumu, haikuzama. Basi hapakuwa na hewa kwenye bomba. Akafungua kikombe cha mafuta ya breki: kimejaa, na mafuta yake safi. Akainua gurudumu la mbele juu ya jiwe, akalizungusha, akabana tena. Likapunguza mwendo kivivu badala ya kusimama. Ndipo akatoa plaketi. Zilikuwa nene bado, ila uso wake uling'aa. Akazinusa, kisha akanipa mimi.

Siagi ya ng'ombe. Hakuna mtu wa milima hii anayeikosea harufu yake.

"Siagi!" nilipiga kelele, moyo wangu ukifurahi vibaya. "Mumesikia? Nani anaweka siagi kwa freni?"

Théoneste alishangaa kama sisi. Lakini mama yake, Nyiramahoro, alikuwa amekwisha kufika mbio baada ya kusikia mwanawe ameanguka, na alikuwa amesimama kando akilitazama lile goti.

"Njo mimi," alikiri, akiionyesha pikipiki kwa kidole. "Ile moto ilikuwa inalia kila asubuhi ikiingia kwa zizi. Ng'ombe zinashituka, zinakatala maziwa. Nikapaka siagi kidogo tu kwa kile chuma ya muviringo. Kelele ikaisha."

Akaanza kulia. Sikuweza kumcheka. Aliyewahi kukamua anajua kwamba ng'ombe akishtuka huzuia maziwa, ukabaki na kibuyu kitupu. Na kwa wafugaji siagi ni dawa ya kila kitu: ngozi ya mtoto, kamba ya ng'ombe, mlango unaokwaruza.

Kwangu mimi kesi ilikuwa imekwisha, na Manassé ameshinda. Yeye akamgeukia yule mama.

"Mama, ilianza kulia siku gani?"

"Ile siku uliitengeneza."

Nilimkanyaga Manassé mguu ili anyamaze. Hakujali.

"Basi kelele ilikuwa yangu," alisema, akiwatazama madereva. "Diski ilikuwa na kutu pembeni. Nilipashwa kuisugua mbele ya kuweka plaketi mupya. Sikusugua. Nilikuwa na haraka ya ndoa ya dada yangu. Siagi iko ya mama, lakini kelele iko yangu."

"Wewe, umejichimbia shimo," nilimnong'oneza. Nilikuwa na hasira naye, hasira kweli. Mungu anakutoa shimoni, nawe unarudi kuchukua kofia!

Manassé akakaa chini, akaisugua diski kwa msasa mpaka kutu na mng'ao vikaisha, akaipangusa kwa petroli. Plaketi zenye siagi akazitupa. "Ikisha kunywa mafuta, haioshwe," alisema. Akachukua nyingine dukani kwangu, akazipiga tupa kwenye kingo, akapaka grisi kidogo nyuma yake tu, mahali pasipogusa diski. Théoneste aliipanda pikipiki na goti lake lile lile, akashuka mpaka kanisani na kurudi. Ilisimama mbele yetu bila kutoa sauti.

"Inakamata," alisema. Akampa Manassé mkono.

Archange alikuwa ameinamisha kichwa. Nilijua sasa atatoa hukumu. Badala yake akaisukuma pikipiki yake mpaka barazani.

"Papa," alisema, "yangu, freni ya mbele niliikata. Iliniangushaka kwa matope. Nilisikia haya kukuambia."

Wa pili akasema yake aliitia mafuta ya kupikia kwenye kikombe, yale ya breki yalipokwisha. Wa tatu alikuwa amefunga waya badala ya kebo ya breki. Walikuja mmoja mmoja, wanaume wazima, wakisema kwa sauti ndogo kama watu walio mbele ya padri. Manassé alizikagua zote saba. Tano hazikuwa na breki ya mbele hata kidogo, na kila asubuhi zilikuwa zikiteremka kona zile na madumu ya maziwa, wakati mwingine na mama mjamzito juu yake.

Aliweka spana chini. Aliposhtakiwa aliendelea na kazi. Sasa aliiacha, akawatazama mmoja mmoja.

"Sasa mulikuwa munashukaka Sake na nini?" aliuliza.