Mkono wa Popo

Leo asubuhi nimefungua stoo ya shule, na ile harufu kali ya mavi ya popo ikanirudisha kanisani kwetu, Jumamosi moja ya usafi nilipokuwa mtoto. Susu, nyanya yangu, alikuwa anafagia chini ya mabati yaliyokuwa yakilia kwa joto. Nikaokota popo aliyekufa, nikalitandaza bawa lake kwenye mwanga wa dirisha. Ngozi ilikuwa nyembamba kama nailoni, na ndani yake nikaona kiwiko, kidole gumba, halafu vidole vinne virefu ajabu.

"Susu, njoo! Huyu ana mkono!"

"Tupa hiyo kitu."

"Hesabu kwanza!"

Akahesabu, midomo ikicheza. Akafungua kiganja chake kilichokomazwa na jembe, akakiweka kando ya bawa, akahesabu tena.

"Kwani," akaninong'oneza, akichungulia mlangoni asije akasikika, "huyu ni mtu wa kwetu?"

Nilicheka mpaka nikaangusha ufagio.

Jumapili, pasta aliposema tuinue mikono, Susu aliinua yake juu kabisa. Lakini macho hakufumba. Alikuwa anaangalia juu kwenye mabati, walikolala wale popo wengine.