Gia Kubwa Niliyoifundisha

Msinicheke kabla sijamaliza. Nasimamia malori ya makaa ya mawe hapa Mbinga, na mambo ya injini nimejisomea mwenyewe vitabuni. Wiki iliyopita niliwafundisha madereva kubana mafuta: "Barabara ikiwa tambarare, tembeeni na gia kubwa." Nilimaanisha namba za juu, ambazo kwazo injini huzunguka taratibu na kunywa kidogo.

Juzi Ndunguru, akitoka mgodini Ngaka na mzigo, akaishiwa dizeli njiani. Nikamsimamisha mbele ya bosi na madereva wenzake.

"Umeuza mafuta! Kuanzia leo kazi huna."

"Sijauza, mzee. Nimekutii. Gia kubwa mwanzo mwisho. Injini inalia, mama mwenye kuni kichwani ananipita, tena ananipa pole."

"Kuni? Unapitwa na kuni ukiwa gia kubwa?" Nikacheka kwa dharau.

Bosi hakucheka. Akawageukia madereva. "Hebu niambieni, gia kubwa ni ipi?"

Wakajibu kwa pamoja kama kwaya ya Jumapili: "Namba moja! Si ndiyo yenye nguvu?"

Bosi akanitazama kuanzia viatu mpaka miwani.

"Haya, Ndunguru, rudi kazini. Mwizi wa dizeli tumeshampata."