Mama Ongeza na Mtoto wa Nge

Dada yangu alipika hospitali tangu usichana wake hadi alipostaafu, na wagonjwa walimbandika jina la Mama Ongeza, kwa sababu hakuwahi kumpa mtu sahani bila kumuuliza, "Nikuongeze?" Wala hakungoja jibu. Ukisema umeshiba, anaona unamwonea haya. Ukinyamaza, anaona una njaa. Mimi ni mdogo wake, nimelelewa na mkono huo huo, na mwili wangu ni ushahidi tosha.

Mumewe, shemeji yangu, ni fundi viatu, mtu wa maneno machache na utani wa chini kwa chini. Siku moja alikung'uta buti la mteja, akaanguka nge mchanga kwenye meza yake ya kazi, mdogo wa kuenea juu ya kifungo cha koti. Mtu mwingine angepiga nyundo, na nyundo ilikuwa mkononi. Yeye alimfunika kwa kopo tupu la gundi, akaja naye nyumbani, akasema, "Nimeleta mgeni. Hana makuu."

Dada aliapa kwamba ama yeye, ama mdudu. Shemeji akaendelea na shughuli zake kana kwamba anasimuliwa habari za mvua. Alichukua kopo la plastiki inayoonyesha ndani, lenye mfuniko wa kubana, akapasha moto msharasi wake, ule anaotobolea ngozi za viatu, akatoboa matundu membamba kwenye mfuniko. Ndani akaweka mchanga wenye unyevu kidogo, kipande cha gome la mti cha kujifichia, na kizibo cha soda chenye pamba iliyoloweshwa, maana mtoto wa nge anaweza kuzama hata kwenye maji ya kizibo. Nilimuuliza kwa nini asimpe nyumba kubwa, mnyonge wa watu. "Mtoto ukimlaza ukumbini," akasema, "atalala njaa na chakula kiko kona ya pili."

Chakula chenyewe kilikuwa mende. Hapo nilicheka mpaka mbavu zikauma. Dada alipigana na mende jikoni mwa hospitali maisha yake yote, na sasa walikuwa wanafugwa ndani ya ndoo chini ya dirisha lake, wakila maganda ya viazi. Shemeji alichagua mende mdogo kuliko nge mwenyewe, akamponda kichwa, akamweka karibu na gome kwa koleo. Mara moja kwa wiki, basi. Dada alisema huko ni kumtesa mtoto wa watu.

Halafu shemeji akapatwa na kiharusi. Alirudi nyumbani mkono wa kushoto umelegea, ulimi mzito, na hamu ya chakula imekwisha kabisa. Nikahamia kwao nisaidie. Kutwa nzima dada alikuwa anamkalisha, anamfunga kitambaa shingoni, anaanza na kijiko. Uji, supu, uji tena. Mume anafumba mdomo na kugeukia ukuta. Dada anatoka, analia jikoni, anapangusa uso, anarudi na bakuli jingine. Watu waliotaniana tangu niwafahamu, sasa hawakuwa na mazungumzo ila kijiko. Wote wawili walinikera, na wote wawili waliniumiza moyo.

Kitu kimoja tu kilimtoa shemeji ukutani, nacho ni lile kopo. Kila asubuhi aliuliza, "Mtoto?" Basi yule aliyeapa kuhama akawa ndiye mlezi. Alilowesha pamba, akaponda vichwa vya mende amefumba jicho moja. Siku moja jikoni aliniambia kwa sauti ya chini, "Mdogo wangu, huyu mdudu akifa, na yule aliyeko ndani ananiacha." Sikumcheka.

Nge akaacha kula. Tumbo lilikuwa limetanuka, naye akajikunyata chini ya gome, chakula hakigusi. Badala ya kumuuliza mwenye nge, dada alifanya lile analolijua, akaongeza. Leo mende mmoja, kesho wawili, na hakuponda vichwa tena, akidhani mtoto amechoka kula maiti. Asubuhi moja tulimkuta nge katikati ya kopo, amelala hatikisiki, mkia umenyooka, na mende mzima anamtembelea mgongoni akimgusagusa kwa vipapasio.

"Nimemuua," dada akasema. Akabaki mlangoni mwa chumba na kopo mikononi, kuingia hawezi, kurudi hawezi.

Shemeji alimwona. Sijui nguvu alizitoa wapi. Alishika ukingo wa kitanda, akasimama, akaburuta mguu mpaka mlangoni, akachungulia. "Koleo," akasema, nami nikamkimbizia. Mkono wake wa kulia ulikuwa bado mkono wa fundi. Alitoa mende mmoja, akatoa wa pili, akafunika kopo, kisha akajiachia kwenye kiti.

"Hajafa. Anajivua ngozi, imembana." Kila neno lilikuja kwa kuvutwa. "Sasa hivi mwili wake ni laini. Mende wangemtafuna."

"Lakini siku zote hizi hajala kitu."

"Ndivyo wanavyofanya. Mwache." Akapumua. "Na mimi niache, Mama Ongeza."

"Nikuache vipi?"

"Weka kijiko chini. Kaa."

"Nikikuacha si utakufa?"

"Huenda." Alitabasamu kwa ule upande wa mdomo uliobaki na nguvu. "Lakini uko hapa kutwa, na bado ninakukumbuka, utafikiri umesafiri."

Dada akakaa. Hakujua mikono aiweke wapi, na mwisho ikatulia mapajani. Kopo lilikuwa mezani kati yao. Ngozi ilipasuka upande wa kichwa, na nge akaanza kutoka, mweupe, akichomoa mguu mmoja mmoja kama mtu anayevua soksi iliyolowa. Ilichukua sehemu kubwa ya asubuhi. Alipofika mkiani akakwama, na dada akanyanyuka kwenda kumsaidia. Shemeji akamshika mkono. Nge akajinasua mwenyewe, na ule mkono haukuachiwa.

Mimi nilipakua sahani mbili, nikazifunika, nikangoja waniite. Waliniita chakula kimeshapoa. Dada alikula cha baridi bila kugomba, jambo ambalo sijawahi kuliona tangu nizaliwe. Shemeji alikula kwa mkono wake mwenyewe, polepole, akafika nusu, akaisogeza sahani. Dada aliitazama ile nusu iliyobaki. Aliitazama sana. Kisha akainuka, akaondoa vyombo.