Waliomchimbia Mjukuu Wangu Kaburi

Siku tulipomzika mjukuu wangu, hawa ndio waliokuwepo. Nilikuwepo mimi, bibi yake mzaa mama. Alikuwepo binti yangu, mama yake mzazi, na katekista aliyemfundisha dini tangu mdogo. Alikuwepo mama mmoja muuza mchele wa Kagongwa na mama mwingine aliyetoka Kolandoto. Hawa si ndugu zetu, walikuwa wasomaji wa blogu yake. Walikuwepo wachimbaji wanne kutoka kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, nao ni wasomaji vilevile. Majirani walikuwepo kwa macho tu, maana walisimama ng'ambo ya barabara.

Majina ya hao wote ninayo, na ya baba zao pia, kwa sababu kila aliyefika nilimuuliza. Siyaandiki. Wachimbaji wana sababu zao za kutotaka kutajwa, na nikitaja wengine nikawaacha wao itaonekana nimewabagua.

Shule yangu iliishia darasa la nne. Haya naandika mwenyewe kwa kalamu, na yule mama wa Kagongwa ndiye atakayeyaingiza kwenye blogu, maana marehemu alimpa namba yake ya siri.

Mjukuu wangu alipanga nyumba hapa Kharumwa, karibu na kwangu. Alikuwa akiandika kwenye simu habari za wanawake wanaoponda mawe machimboni, na mara nyingine mapishi yangu ya majani ya kunde makavu, nsansa tunavyoyaita. Mwanzoni nilimcheka.

"Unamwandikia nani?"

"Wapo, bibi. Wako Geita, wako Kahama. Mmoja yuko Lindi."

"Mtu wa Lindi nsansa ataipata wapi?"

"Ndiyo hilo analoniuliza. Anasema umemtia hamu halafu umemwacha."

Niseme ukweli, alikuwa na namna yake. Mtu akiandika "hongera dada" tu, hakumwacha apite. Alimuuliza uko wapi, unafanya kazi gani, umeamkaje. Kisha anamuunganisha na mwingine. Kuna mchimbaji mmoja mtoto wake alilazwa hospitali ya Kolandoto, na mama wa mtoto hakuwa na ndugu kule wala sufuria. Mjukuu wangu akauliza kwenye blogu nani anakaa karibu. Akajitokeza huyo mama niliyemtaja, akawa anapeleka uji kila asubuhi mpaka mtoto akaruhusiwa. Hawakuwa wamewahi kuonana. Nikaacha kucheka.

Lakini siku zilezile za kumtafuta mtu wa kupeleka uji, jirani yetu alifiwa na mama yake.

Hapa kwetu kuna chama cha kuzikana. Msiba ukitokea, kila nyumba inatoa mtu. Wanawake wanabeba maji na kuni, wanaume wanachimba kaburi. Ukikosa bila udhuru, unaonywa. Ukiendelea kukosa, wa kwako atachimbiwa na wewe mwenyewe. Mjukuu wangu, kwa kuwa alikuwa na mlango wake, alihesabiwa nyumba peke yake. Nilipita kwake na ndoo kichwani nikamwita.

"Tangulia, bibi. Kuna mtu analia Kolandoto, siwezi kumkatia simu."

"Na hapa kuna mtu analia mlango wa nne."

"Huyo anao watu."

Hakuja. Akatuma pole kwenye kundi la simu la mtaa. Yule jirani aliniambia mbele ya wanawake wote tukiosha vyombo, "Mjukuu wako ametutumia pole ya kidole." Wakacheka. Nikaendelea kusugua sufuria. Haikuwa mara ya kwanza kukosa, na haikuwa ya mwisho.

Kisha akaugua. Ugonjwa wenyewe haukumchukua muda mrefu, akafariki mikononi mwa mama yake. Nilijifunga kanga nikaenda kwa mwenyekiti wa chama. Nilimkuta na wenzake wawili, na yule jirani alikuwepo.

"Mayu, pole sana," akasema mwenyekiti. Aliniita mayu, yaani mama, kwa heshima kabisa. "Lakini marehemu si wa chama. Tulimwonya."

"Mimi ni wa chama. Maji ya misiba ya mtaa huu nimeyabeba tangu wewe hujaoa."

"Ndiyo, mayu. Wewe siku ukifa tutakuzika vizuri sana."

Alidhani ananifariji. Yule jirani akaongeza, akiwa anatazama pembeni, "Awaite hao wa kwenye simu waje na majembe."

Nikarudi nyumbani. Mama wa Kagongwa alikuwa ameshapata habari, akaziweka kwenye blogu: kafariki, anazikwa kesho, hakuna wa kuchimba. Jioni binti yangu akaanza kunisomea majibu. Pole bibi. Tupo pamoja. Ametuachia pengo. Nakuja hata iweje. Yalikuwa yanamiminika, simu inalia mpaka ikaisha chaji. Kila jibu nilimuuliza binti yangu, "Amesema anatoka wapi?" Wengi hawakusema. Mmoja aliandika kwamba yuko hapahapa Kharumwa, na anatuombea.

Asubuhi binti yangu alichukua jembe mwenyewe. Tulichagua mahali pembeni ya mihogo. Ardhi ile ni kokoto tupu. Alipiga, jembe likaruka. Majirani wakaanza kukusanyika ng'ambo. Sijui walikuja kusikitika au kutazama mama akimchimbia mwanawe. Nilikaa chini kwenye udongo, nikawapa mgongo.

Ndipo zikaja pikipiki mbili zimebeba watu na sururu. Wa kwanza kushuka alinipa shikamoo kabla sijamwona vizuri.

"Mimi ndiye baba wa yule mtoto wa uji," akasema. "Hawa ni wenzangu wa duarani. Bibi, mwambie mama apumzike."

Wakamwondoa binti yangu taratibu, wakavua mashati. Walichimba kama wanavyochimba kazini, mmoja anashuka, mmoja anavuta udongo, wakichoka wanabadilishana, na hakuna aliyempa mwenzake amri. Mimi nilisimama ukingoni naangalia udongo wote unaotoka. Mmoja wao, Mwislamu wa kutoka Tanga, akanyanyua kichwa.

"Bibi, usitusimamie hivyo. Hapa hakuna dhahabu ya kuiba."

Nilicheka, Mungu anisamehe, mwili wa mjukuu wangu ukiwa bado ndani ya nyumba.

Muuza mchele na mama wa Kolandoto walishafika, wakawasha moto. Maji walienda kuyateka wenyewe, wakapita katikati ya wale wanawake wa ng'ambo na ndoo zao. Hakuna aliyewapokea.

Tulipomaliza sala na jeneza likashushwa, mwenyekiti akavuka barabara na wanaume watatu. Akasema chama kimeona huruma, wangesaidia kufukia. Wachimbaji wakanigeukia. Nilijua nikikubali, kesho nitasalimiwa kisimani kama zamani. Nilijua pia nikikataa nini kitafuata.

"Kufukia ni kazi nyepesi," nikasema. "Waachieni waliofanya ile nzito."

Alirudi alikotoka.

Baadaye chama kilikaa. Nikaambiwa nimewatukana hadharani, niombe radhi au nitolewe. Sikuomba. Kwa hiyo sasa mimi si wa chama. Misiba bado naenda, na ndoo yangu, lakini nikiitua hakuna anayechota humo.

Nasikia watu wakisema mjukuu wangu alijenga jamii kubwa. Binti yangu huzifungua zile pole akazisoma tena, zinampa nguvu, simkatazi. Mimi haziniingii. Nina hasira na majirani, na nina hasira na hao walioandika "nakuja". Nina hasira na marehemu mwenyewe pia, aliyeweza kumpelekea uji mtu wa mbali akashindwa kufika mlango wa nne. Wale wachimbaji wamehama, wamefuata dhahabu sehemu nyingine, na baba wa mtoto wa uji simu yake haipatikani tena. Anayenipigia ni mama wa Kolandoto. Naye ni mgonjwa wa miguu, siku yangu ikifika sidhani kama ataweza safari.

Nimewaandika waliokuwepo kwa sababu sitaki hesabu yao ichanganywe na ya waliosema wangekuja. Umri umekwenda, naweza kuwa nimekosea. Kama ulikuwepo siku ile nami nimekuacha, nisahihishe hapa chini. Ila useme ulikaa upande gani wa kaburi na ulishika nini mkononi, nami nitakukumbuka.